Tuirudishe Bustani ya Nyumbani



Nyuma ya nyumba nyingi kuna kipande cha ardhi kilichokuwa bustani. Palikuwa na mchicha, mnavu na matembele. Baadaye mwenye nyumba aliugua, au alisafiri kwenda kuuguza mzazi. Misimu miwili ya mvua ilipita. Sasa magugu yanafika kifuani, na mboga za watoto zinanunuliwa sokoni.

Bustani hiyo inaweza kurudi. Lakini usishike jembe bado. Kwanza yatazame magugu uyajue. Gugu karoti huenea kwa mbegu. Ndago huenea kwa viazi vyake vidogo vilivyo chini ya ardhi. Njia ya kuliondoa hili siyo ya kuliondoa lile.

Tuanze na gugu karoti. Majani yake yamechanika kama ya karoti. Maua yake ni meupe, madogo na mengi. Gugu hili ni geni. Asili yake ni bara la Amerika, na hapa Tanzania lilionekana Arusha mwaka 2010. Mmea mmoja mkubwa unaweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000. Tangu kuota hadi kutoa maua, mara nyingi ni wiki 4 hadi 8 tu. Ukichelewa, umelipanda tena wewe mwenyewe.

Gugu hili linadhuru mwili. Huwasha ngozi na kuleta vipele. Vumbi la maua yake huwaletea watu wengine mafua na pumu. Ng'ombe akilila, maziwa yake huwa machungu. Kwa hiyo usiling'oe kwa mikono mitupu, wala usiwatume watoto. Vaa nguo ya mikono mirefu na glovu. Kama huna glovu, kata nailoni ya mfuko wa mbolea, uioshe, ujifunge viganjani. Jifunge kitambaa puani na mdomoni.

Ngoja mvua ilainishe udongo, kisha ling'oe pamoja na mzizi kabla halijatoa maua. Ukilikata kwa panga, litachipua tena. Lenye maua usilitikise, wala usilitupe kwenye mboji. Litie katika gunia, lipeleke shimoni, na likikauka lichome. Simama upande upepo unakotoka ili moshi usikufikie. Ukimaliza, oga na ufue nguo.

Sasa ndago. Hapa nina kosa langu la kusema. Miaka iliyopita nilimwambia mama mmoja alime bustani yake yote kwa jembe, mvua zilipoanza. Alilima siku tatu. Baada ya muda mfupi ndago ziliota nyingi kuliko mwanzo. Aliniita akanionyesha, wala hakunilaumu. Mimi niliona haya. Viazi vya ndago vimeungana kwa nyuzi, kama shanga. Jembe likikata uzi, viazi vilivyolala huamka, na kila kimoja huota peke yake.

Mwaka uliofuata tulianza wakati wa kiangazi. Tulipima kipande cha hatua 5 kwa 5 tu. Tulichimba kwa jembe uma, tukafuata nyuzi na kutoa viazi kwa mkono. Vile vilivyobaki tuligeuza udongo vikawa juu, vikakaushwa na jua kali wiki mbili. Mvua zilipokuja alipanda matembele, nayo yakatanda upesi. Ndago haipendi kivuli. Chache zilizochungulia alizing'oa kila alipokwenda kuchuma mboga. Kisha akaongeza kipande kingine. Bustani nzima ilichukua misimu mitatu, lakini mboga alianza kula msimu wa kwanza.

Watu wengi hushindwa kwa sababu hufyeka pote na kupanda robo tu. Ardhi iliyobaki wazi hurudiwa na magugu. Wewe safisha kile unachoweza kupanda na kupalilia. Katika sehemu ambayo hujaifikia, ng'oa gugu karoti peke yake, lisifikie kutoa maua.

Safisha jembe kabla ya kumwazima jirani. Udongo ulioganda juu yake hubeba mbegu na viazi vya ndago.

Mbegu za gugu karoti hukaa udongoni miaka kadhaa. Basi kila mvua ikinyesha, hesabu wiki mbili, kisha chukua glovu na gunia uzunguke bustani. Tazama hasa nyuma ya choo na kando ya ua, mahali ambapo watu hawapiti.