Kabla ya Lori la Mizigo

Chama cha TANU kiliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma, lakini Serikali ilianza kuhama kwa kishindo mwaka 2016. Katikati ya miaka hiyo, watoto wengi wa watumishi, wakiwamo wa ndugu zetu kutoka Visiwani, walikulia Posta na Kariakoo. Alfajiri mama alimsuka binti nywele huku chai ikichemka. Baba alimfikisha mdogo wao chekechea, kisha akaenda wizarani kwa miguu. Jioni walinunua mchicha Kariakoo. Jumamosi waliteremka bandarini, na baada ya saa mbili hivi za boti walikuwa Malindi, Unguja, wakimtafuta bibi kwa macho.

Posho ya uhamisho hulipia kabati na vitanda. Bibi habebeki. Treni ya umeme iliyoanza mwaka 2024 imeifupisha safari ya Dodoma, na si haba. Hata hivyo, kutoka huko hadi Unguja ni treni na boti, na nauli ya watoto watatu si ya kila mwezi.

Twawaomba wakubwa wanaotia saini barua za uhamisho wazitoe kabla ya likizo ya Desemba, si katikati ya muhula, watoto wapate walau juma moja la kumuaga bibi.