Cheni Mpya, Meno ya Zamani

Cheni iliyochakaa haikuwa ikiruka; mpya inaruka. Kwa mtu wa Kamina aliyetoa pesa sokoni kuitengeneza kinga yake, kama baiskeli inavyoitwa huko Katanga, hilo ni tusi. Ile ya zamani ilikuwa imeota kutu, inaning'inia na kulia, lakini ilimfikisha. Hii mpya, ingali na grisi ya kiwandani, inaruka kwenye mwinuko wa kwanza. Pedali inaporomoka ghafla na goti nusura ligonge usukani. Hukumu hutolewa papo hapo: cheni ni bandia, muuzaji ni mwizi. Bidhaa duni zipo, sikatai, na nitazirudia. Lakini ushahidi wa chuma chenyewe unaelekeza kwingine. Mara nyingi cheni hiyo inaruka kwa sababu ni nzima: vipimo vyake ni sahihi, ila imefungwa kwenye meno ambayo vipimo vyake vilikwisha kupotea.

Cheni ya rola, ambayo Hans Renold aliibuni mjini Manchester mwaka 1880, ikiwa kwenye baiskeli ina sharti moja lisilovunjwa: kutoka pini moja hadi ya pili ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Meno ya gia hukatwa kwa kipimo hicho hicho. Mafundi husema cheni "imevutika", na neno hilo limepoteza wengi, maana mabamba ya chuma hayavutiki kama mpira. Kinacholika ni pini na tundu lake, pale pingili inapojikunja kila ikiingia kwenye jino na kunyooka kila ikitoka. Ulaji wenyewe jicho haliuoni: milimita 0.06 kwa kila kiungo, kama unene wa unywele, tayari ni nusu ya asilimia moja. Lakini viungo 40 vikichanga kila kimoja unywele wake, urefu uliokuwa milimita 508 unafika 510.5; ukifika 513 cheni imelika asilimia moja. Kwa hiyo kipimo hiki hakihitaji chombo cha kuagiza Ulaya. Futi ya chuma ya seremala inatosha (ile ya kitambaa ya fundi cherehani hapana, hiyo inavutika kweli). Ikaze cheni, hesabu nafasi 40 kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini, kisha usome.

Sasa tazama meno. Cheni ikirefuka, rola zake hazikai tena chini kabisa ya bonde lililo kati ya jino na jino. Zinapanda kidogo ubavuni, na mzigo ambao ungegawanywa kwa meno mengi unaangukia machache. Rola inachimba ubavu huo hadi jino linapata kishimo na ncha iliyopinda kama ndoana. Gia ya nyuma ndiyo inayoumia kwanza: mbele kukiwa na meno 44 na nyuma 18, kila mzunguko mmoja wa pedali unaizungusha ile ndogo karibu mara mbili na nusu. Nguvu nayo si haba. Mtu wa kilo 60 akisimama juu ya pedali yenye mkono wa milimita 170, huku gia ya mbele ikiwa na milimita 89 hivi kutoka katikati hadi kwenye cheni, cheni inavutwa kana kwamba imetundikiwa kilo 115. Katika hali hiyo cheni na meno vinalika pamoja, kama gurudumu la treni na reli yake, jambo ambalo mji wa njia panda ya reli kama Kamina hauhitaji kufundishwa. Ubovu wa kimoja unazoea ubovu wa mwenzake. Cheni mpya haijapitia mazoea hayo. Inapovutwa, rola zilizokwisha kushika zinasogea mbele hadi ndani ya vishimo, na rola inayofuata, inayoingia kwa chini, inafika mapema mno. Badala ya kutua bondeni inatua kwenye ncha ya jino. Kanyaga kwa nguvu, inaruka.

Wengi watasema kinachokula meno ni mizigo: magunia ya mahindi, magunia ya makala (ya kuchoma, si ya kusoma kama haya). Hapo napingana nao kidogo. Baiskeli iliyopakiwa hivyo kwa kawaida husukumwa, na baiskeli inayosukumwa cheni yake haivuti kitu, imelala tu. Vumbi la kiangazi likichanganyika na mafuta machafu huwa uji wa msasa, ni kweli, lakini msasa usiokandamizwa haukwangui. Kinachofanya kazi safari nzima ya kusukuma ni kucha ndogo zilizo ndani ya friwili, kifaa kinachobeba meno ya nyuma, zile zinazolia tik-tik-tik. Kwa hiyo baiskeli ya kusukumwa ikianza kuteleza siku mwenyewe anapoipanda, mimi ningeanza kushuku kucha hizo kabla ya meno. Baiskeli inayobeba abiria, mwenyewe akikanyaga kutwa, ningeishuku kinyume chake.

Kutofautisha vyanzo vya kuruka au kuteleza si kazi ngumu, mradi mtu aangalie kabla ya kufungua. Kucha za friwili zikiwa ndizo mbovu, cheni haipandi juu ya meno hata kidogo. Pedali inakwenda, gia ya nyuma inazunguka, gurudumu halifuati. Pingili moja ikiwa imekaza, kuruka kuna ratiba: cheni ya viungo 112 juu ya meno 44 inarudi pale pale baada ya mizunguko ya pedali miwili na nusu hivi, na alama ya chaki itaonyesha hivyo. Kabari ya mkono wa pedali ikilegea, kugonga kunasikika mahali pale pale katika kila mzunguko. Meno yaliyolika hayana ratiba. Yanatii nguvu tu: kimya kwenye tambarare, vurugu kwenye mwinuko.

Nirudi kwenye cheni bandia. Chuma laini ni kosa la kweli, lakini ni kosa linalohitaji muda. Litajitokeza kwa cheni kurefuka upesi baada ya wiki kadhaa, si kwa kuruka siku ya kwanza. Cheni mpya yenye milimita 508 kwa nafasi 40 haina hatia ya urefu, hata kama jina lililochapwa kwenye boksi lina herufi mbili zilizokosewa. Wengine hushauri kuvuta gurudumu nyuma. Ushauri huo una ukweli ndani yake, kwa sababu rola haiwezi kupanda jino bila ulegevu upande wa chini, na kwenye baiskeli ya gia moja kukaza kunaweza kuficha tatizo kwa siku chache. Ila kishimo kipo pale pale, na cheni iliyokazwa kupita kiasi inatafuna beringi. Kupiga tupa ncha zilizopinda ni vivyo hivyo: ndoana inaondoka, chuma kilicholiwa hakirudi.

Pingamizi zito zaidi ni la pesa. Kubadilisha cheni inapofika nusu ya asilimia, ili kuiokoa gia, ni hesabu nzuri kwa anayeishi kwa kukanyaga. Kwa mwenye baiskeli ya gia moja anayekwenda shambani na kurudi, kuviacha cheni na friwili vizeeke pamoja hadi vife, kisha kununua vyote kwa mkupuo, si uzembe. Baiskeli hiyo haibadilishi gia, na jozi iliyozoeana hustahimili hata zaidi ya asilimia moja. Kinachokula pesa bure ni njia ya katikati, cheni mpya juu ya friwili iliyokufa, maana meno hayo yataanza mara moja kuichakaza cheni hiyo nayo. Basi cheni ya zamani isitupwe haraka. Irudishwe mahali pake: kuruka kukikoma, meno yamekiri, na baiskeli itaendelea kutembea na cheni yake kuukuu huku ile mpya ikingoja ndani ya boksi, imepakwa mafuta, hadi pesa ya friwili ipatikane.