Chromebook: Jinsi Linux inavyoipa tarakilishi nyepesi uwezo wa kazi nzito

MZAZI au mwanafunzi anayetafuta kipakatalishi cha bei nafuu jijini Nairobi hakosi kuonyeshwa Chromebook zilizotumika ng’ambo, baadhi zikiwa zimetoka shuleni huko Marekani. Ni nyepesi na betri yake hudumu. Hata hivyo, wengi huzinunua bila kufahamu kwamba ziliundwa hasa kwa ajili ya mtu aliye mtandaoni wakati wote. Programu za Windows hazikubali kuwekwa humo, na intaneti ikikatika, mengi hukwama.

Kampuni ya Google ilitangaza mfumo wa ChromeOS mnamo 2009, na Chromebook za kwanza kuuzwa, zilizoundwa na Samsung na Acer, zikaingia sokoni mnamo Juni 2011. Wazo lilikuwa kwamba kivinjari kingetosha: barua ziandikwe mtandaoni, picha zihifadhiwe mtandaoni, na kifaa chenyewe kisihitaji hifadhi kubwa.

Jambo ambalo watumiaji wengi hawalijui ni kwamba ChromeOS yenyewe imejengwa juu ya kiini cha Linux, kile alichokianzisha Linus Torvalds mwaka wa 1991 akiwa mwanafunzi nchini Finland. Kwa hivyo, mtu anayeendesha programu za Linux katika Chromebook hakilazimishi kifaa kubeba kitu kigeni.

Awali, kazi hiyo ilikuwa na hatari zake. Waliothubutu walitumia zana iitwayo Crouton, iliyohitaji kifaa kiingizwe katika hali ya wasanidi programu. Hatua hiyo ilifuta kila kitu kilichokuwemo na kuondoa ukaguzi wa usalama unaofanywa tarakilishi inapowashwa. Isitoshe, kila ilipowashwa lilijitokeza onyo, na yeyote aliyefuata maagizo ya onyo hilo bila kujua angeweza kufuta kazi yote ya mwenzake.

Mambo yalibadilika mnamo 2018, Google ilipoleta njia rasmi iliyojulikana kwa jina Crostini. Ilianza kama majaribio, na mnamo 2021 ikatangazwa kuwa imekomaa. Katika utaratibu huu, ChromeOS huunda tarakilishi pepe ndani ya tarakilishi halisi, na ndani yake huweka kasha lenye mfumo wa Debian, mojawapo ya matoleo makongwe ya Linux. Programu za Linux huishi ndani ya kasha hilo. Zikiharibika, au zikiingiliwa na programu hasidi, mfumo mkuu huwa umekingwa.

Utaratibu wa kuiwasha si mgumu. Fungua mipangilio ya kifaa, nenda kwenye sehemu inayoeleza kuhusu ChromeOS, kisha utafute mazingira ya Linux yaliyowekewa wasanidi programu. Ukikubali, kifaa kitakuuliza jina la mtumiaji na kiasi cha hifadhi utakachoyatengea. Gigabaiti 10 ndicho kiwango cha kawaida. Baada ya kupakua mafaili yanayohitajika, dirisha la amri litafunguka.

Katika dirisha hilo, andika kwanza sudo apt update ili orodha ya programu ihuishwe. Kisha, mathalani, andika sudo apt install libreoffice nawe utapata programu kamili ya kuandikia, ya hesabu za majedwali na ya mawasilisho. Ikoni yake itajiweka pamoja na zile za programu nyinginezo, na utaifungua kwa kuibofya tu. Vivyo hivyo kwa GIMP ya kuhariri picha, au R ya takwimu.

Faida kubwa kwa Mkenya ni kwamba intaneti huhitajika wakati wa kupakua pekee. Baada ya hapo, mwanafunzi wa chuo aweza kuandika tasnifu yake kijijini bila kununua data kila siku. Programu zenyewe hazilipiwi. Wala Kiswahili si kigeni katika ulimwengu huu: mnamo 2004, mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza na mtumiaji kwa Kiswahili.

Licha ya hayo, kuna mipaka. Kifaa chenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 kitalemewa ukifungua programu kadhaa kwa pamoja, na chenye hifadhi ndogo kitajaa upesi. Chromebook zinazotumia vichakataji vya aina ya ARM hazipokei programu zilizoundwa kwa vichakataji vya Intel, hivyo chunguza kabla ya kupakua. Aidha, ukiondoa mazingira ya Linux au ukirejesha kifaa katika hali ya kiwandani, mafaili yaliyohifadhiwa ndani ya kasha hupotea yote. Akiba haiozi: weka nakala katika diski ya pembeni.

Kwa anayenunua kifaa kilichotumika, yapo mambo matatu ya kukagua kabla ya kutoa pesa. Kwanza, kiwashwe na kirejeshwe katika hali ya kiwandani mbele yako. Kikidai kusajiliwa upya kwa shule au kampuni fulani, bado kiko chini ya usimamizi wa wenyewe wa awali, nao wanaweza kuzuia Linux. Kufuta kifaa hakuondoi usajili huo. Ni wasimamizi hao pekee wanaoweza kukiachilia.

Pili, tazama katika mipangilio tarehe ya mwisho ya kupokea masasisho. Mnamo Septemba 2023, Google ilitangaza kwamba Chromebook zilizotolewa kuanzia 2021 zitapata masasisho kwa miaka 10. Nyingi za zamani zimeshapitwa na muda wao. Zitawaka, lakini hazipati tena kinga mpya za usalama, na si salama kuzitumia kwa shughuli za benki.

Tatu, hakikisha kwamba chaguo la Linux limo katika mipangilio, kwani miundo mingi iliyotoka kabla ya 2019 haina uwezo huo. Muuzaji akikataa ukague hayo dukani, ni heri utafute kwingine.