Reli ya Mawe Inayoendeshwa kwa Kujitolea

Mabehewa ya zamani ya Reli ya Talyllyn, magharibi mwa Wales, yanafunguka upande mmoja tu. Mkaguzi wa serikali alipoikagua njia hiyo mwaka 1866 alikuta madaraja yake ni membamba mno: treni ikikwama chini ya daraja, abiria hana pa kutokea. Suluhisho likawa kuifunga moja kwa moja milango ya upande mmoja na kuzisogeza reli kidogo kuelekea huko, ili upande wa pili ubaki na nafasi. Njia hiyo ilijengwa kwanza kwa ajili ya mawe. Watu walikuja baadaye.

Mawe yenyewe ni sleti, yanayopasuka vipande vyembamba vya kuezekea nyumba, na yalitoka machimbo ya Bryn Eglwys, juu milimani. Kwenye miteremko mikali mabehewa yaliyojaa yalishushwa kwa kamba, na uzito wake ukayavuta matupu kupanda. Kutoka hapo injini ya mvuke iliyachukua hadi Tywyn, mji wa pwani. Reli hiyo ina upana wa milimita 686, wakati Reli ya Kati ya zamani ya Tanzania ina mita moja.

Machimbo yalifungwa mwishoni mwa 1946 baada ya sehemu yake kuporomoka. Mmiliki, Sir Henry Haydn Jones, aliyewahi kuwa mbunge, alikuwa ameahidi kwamba treni zitatembea maadamu yu hai. Alitimiza ahadi hadi alipofariki Julai 1950.

Miezi mitatu baadaye mwandishi Tom Rolt na wenzake waliitisha mkutano Birmingham, wakaunda chama cha kuiokoa reli hiyo. Tarehe 14 Mei 1951 treni ikaondoka Tywyn chini ya usimamizi wao, na Talyllyn ikawa reli ya kwanza duniani kuokolewa na watu wa kujitolea. Walichorithi kilikuwa hoi: injini moja tu inayotembea, Dolgoch ya mwaka 1866, mataruma yaliyooza, na nyasi zilizofunika njia. Mwaka uliofuata kasisi Wilbert Awdry, mtunzi wa hadithi za injini Thomas, alikwenda kujitolea kama gadi.

Waajiriwa wapo hadi leo, lakini ni wachache. Treni hutembea kwa nguvu za wanaojitolea. Siku ya injini huanza asubuhi na mapema. Majivu ya jana hukombwa, moto huwashwa, kisha husubiriwa kwa saa kadhaa hadi mvuke upande. Anayetaka kuwa dereva huanza kwa kufuta masizi na kupaka grisi, halafu hufundishwa kuchochea moto. Wengine hufyeka vichaka na kubadilisha mataruma mvua ikinyesha, na Wales mvua si haba.

Katika jumba la makumbusho lililopo stesheni ya Tywyn, injini ndizo zinazovuta macho. Ni haki yake, lakini behewa dogo la mawe linastahili muda mrefu zaidi, kwa ajili ya waliolijaza. Wachimba sleti wa Wales walivuta vumbi lililoharibu mapafu yao, na wengi wa waliougua hawakuwa tena na mwajiri wa kumdai, kwa kuwa machimbo yalishafungwa. Sheria ya kuwafidia ilipitishwa 1979 tu, baada ya madai ya miaka mingi.

UNESCO ilipoyaorodhesha maeneo ya sleti ya kaskazini-magharibi mwa Wales kuwa urithi wa dunia mwaka 2021, iliyahesabu pamoja machimbo ya Bryn Eglwys, reli hiyo na Abergynolwyn, kijiji walikoishi wachimbaji.