"Mtandao Hakuna, Njoo Kesho"

Wengi wenu, wasomaji wapenzi, mmekwisha kulisikia neno hilo. Mtu ametoka Ukerewe kwa meli, au Sengerema, au Magu. Amelipa nauli, amelala kwa ndugu asiyemtazamia, na asubuhi amewahi foleni. Karani anatazama kioo cha kompyuta yake, anatikisa kichwa: "Mtandao hakuna, njoo kesho." Basi, yamekwisha. Mtandao umekuwa kama mvua: ukija umekuja, usipokuja hakuna wa kuulizwa.

Lakini mtandao si mvua. Ni kazi ya mikono ya watu, nayo ikiharibika huharibika mahali fulani kwa sababu fulani. Leo nataka niwasimulie jinsi sababu hiyo ilivyotafutwa katika ofisi moja ya mjini Mwanza. Jina lake sitalitaja, maana watu wake si wabaya, na ofisi zilizo kama hiyo ni nyingi.

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la ofisi hiyo kwa shida yangu mwenyewe. Karibu nami alikaa bibi mmoja wa Ukerewe, na mkoba wake wa kitenge magotini. Alifuatilia karatasi za mafao ya marehemu mumewe. Hiyo ilikuwa mara yake ya tatu kuvuka ziwa. Karani kijana alimwamkia kwa heshima, "Shikamoo bibi," kisha akamwambia lile neno. Bibi hakukasirika. Aliuliza tu: "Mjukuu wangu, huo mtandao huwa unakwenda wapi?"

Kijana alicheka, nasi sote tukacheka. Lakini swali lilikuwa zuri kuliko yote yaliyoulizwa ndani ya nyumba ile kwa miezi miwili.

DAFTARI LA FUNDI WA TATU

Ugonjwa wa ofisi ile ulikuwa wa ajabu. Asubuhi mapema kompyuta zote zilifanya kazi. Kufika saa 3 au saa 4, moja ilipoteza mtandao, kisha nyingine. Lakini ya tatu, iliyokuwa meza ileile, iliendelea vizuri. Wakiizima na kuiwasha ile mbovu, pengine ilipona, pengine haikupona. Fundi wa kwanza aliitwa, akazima kila kitu na kuwasha tena, akalipwa, akaenda zake. Kesho yake ugonjwa ulirudi. Fundi wa pili alisema waya zimechoka, akawauzia waya mpya. Juma zima likapita salama. Wakamsifu sana. Juma lililofuata mambo yakawa yaleyale.

Fundi wa tatu alikuwa kijana mpole, naye hakugusa chochote siku ya kwanza. Alinunua daftari la shule, akalifunga kwa uzi kwenye msumari ukutani, akawaomba makarani waandike kila kosa: siku gani, saa ngapi, mashine ipi, na maneno gani yametokea kwenye kioo. Wengine walimdharau. Ati fundi gani huyu anayekuja na daftari badala ya bisibisi?

Baada ya siku 10 alilisoma. Aliona kwamba siku mbili hapakuwa na kosa lolote. Akauliza: siku hizo mbili ni nani hakuja kazini? Wakakumbuka kwamba karani mmoja alikuwa amekwenda msibani. Na lile juma la waya mpya? Karani huyohuyo alikuwa likizoni.

Hapa yafaa nieleze kidogo. Kila kompyuta katika ofisi yahitaji anwani yake, nayo ni namba, kama namba ya sanduku la posta. Bila hiyo barua haziwezi kuifikia. Namba hizo hazigawi mtu. Hugawiwa na kisanduku kimoja kiitwacho ruta, ambacho pia ndicho mlango wa kutokea nje. Kompyuta ikiwashwa hupiga ukelele ndani ya waya: "Nani atanipa namba?" Ruta huitikia: "Chukua hii, na mlango wa kutokea ni mimi." Namba hiyo ni ya kuazima, ina muda wake, na muda ukienda sharti iombwe upya.

Sasa fikirini zahanati yenye wagawaji wawili wa namba za foleni, wala hawajuani. Wagonjwa wawili watashika namba moja, na wengine wataelekezwa kwenye mlango ambao nyuma yake hakuna daktari. Ndivyo ilivyokuwa pale. Yule karani alikuwa ameleta ruta yake ndogo kutoka nyumbani, akaichomeka chini ya meza ili simu yake ipate mtandao bila waya. Jioni aliifungia kwenye saraka, asije mtu akaiiba. Asubuhi, alipoichomeka, ikaanza kugawa namba na kujitangaza kuwa mlango. Mashine iliyokwisha kupata namba ya kweli iliendelea salama; ile iliyoomba baadaye ilijibiwa na yeyote aliyewahi kuitikia. Ndiyo sababu meza moja ilikuwa na mashine nzima na mashine bovu pamoja, na ndiyo sababu kuzima na kuwasha kulisaidia mara hii na mara ile kusisaidie.

Fundi alithibitishaje? Alitazama namba ya mashine mbovu, akaona inaanza kwa 192.168.1, hali ruta ya ofisi hugawa zinazoanza kwa 192.168.10. Hiyo ilitosha kuonyesha kwamba kuna mgawaji mwingine. Kisha akaenda kwenye swichi, yaani kile kisanduku zinapokutania waya zote, akazichomoa moja moja huku akimwita yule mgawaji wa uongo kila mara. Waya wa saba ulipotoka, mgawaji akanyamaza. Wakaufuata waya hadi chini ya meza.

Karani aliona aibu kubwa, na mimi nilimhurumia. Hakukusudia ubaya. Hakuna aliyemkataza, wala hakuna aliyemweleza. Tena fundi wa pili, aliyeuza waya bila kuuliza swali hata moja, hakuona aibu yoyote.

HATUA NNE ZA KUTEMBEA

Nilimwomba fundi anieleze jinsi ya kujua kosa liko wapi, naye alinijibu kwa mfano unaofaa hata kijijini. Ukitaka kujua njia ya kwenda mjini imekatika wapi, huanzi kuulizia mjini. Waanza mlangoni kwako.

Kwanza kompyuta hujiita yenyewe, kwa namba 127.0.0.1, ambayo kila kompyuta duniani huitumia kwa kujiita. Isipojiitikia, ugonjwa umo ndani yake. Pili huita jirani aliye katika ofisi ileile. Tatu huita mlango, yaani ruta. Nne huita chombo kilicho mbali, nje ya mji. Mahali jibu linapokoma, hapo ndipo pa kuchimba. Amri ya kuita ni fupi, huitwa ping, na karani yeyote aweza kufundishwa kwa dakika 5.

Na ukiona namba ya kompyuta imeanza kwa 169.254, maana yake ni kwamba ilipiga ukelele ikakosa mtu wa kuijibu, nayo ikajipa namba yenyewe. Hapo usilaumu kampuni ya simu. Tazama waya, swichi na ruta zako.

Kuna kosa jingine linalodanganya sana. Kompyuta yaita namba ya mbali na kujibiwa, lakini ukiandika jina la mahali, yasema haipajui. Hapo njia ni nzima. Kilichopotea ni daftari la majina. Watu hukumbuka majina, mitambo hukumbuka namba, na katikati lazima awepo mtunza daftari wa kutafsiri. Huyo akilala, wote husema mtandao umekatika, kumbe barabara i wazi.

Nisisahau saa. Ndani ya kompyuta ya mezani mna betri ndogo ya duara kama sarafu, ya volti 3, inayotunza saa umeme ukizimika. Ikifa, kila umeme ukikatika kompyuta huamka ikidhani ni mwaka wa zamani. Kurasa za kutuma fedha na nyaraka za serikali huonyesha cheti chenye tarehe zake, kama leseni. Kompyuta iliyopotea miaka huona leseni hiyo ni ya wakati usiofika bado, ikaikataa. Karani anaandika "mtandao mbovu," na dawa yake ni kibetri ambacho bei yake haifiki nauli ya bibi yetu.

WATUMISHI WALIO NDANI

Ndani ya kila kompyuta mna programu ndogo nyingi zinazofanya kazi bila kuonekana: moja huomba namba, nyingine hutafuta majina, nyingine hupeleka karatasi kwenye mashine ya kuchapa. Mafundi huziita huduma. Mojawapo ikianguka, kioo huonyesha maneno ya kutisha, nayo kompyuta hujaribu kuiinua, ikaanguka tena. Kuiinua kwa mkono kila asubuhi si tiba. Kompyuta yenyewe hutunza daftari lake la makosa, lenye saa na dakika, na fundi asiyelifungua ni kama mganga asiyemuuliza mgonjwa anaumwa wapi.

Mara nyingine anayeziangusha ni kirusi. Mwaka 2008 ulimwengu ulipata kirusi kilichoitwa Conficker. Kilipita katika nyaya za ofisi, na pia katika vile vijiti vya flashi ambavyo kila mtu hutembea navyo mfukoni. Kilizima huduma za kujikinga, kikazuia kompyuta isifike kwenye kurasa za wauza dawa. Dawa ya tundu kilichopitia ilikuwa imekwisha kutolewa na kampuni ya Microsoft mwezi Oktoba 2008, kabla kirusi chenyewe hakijaonekana. Waliougua ni wale ambao hawakuitia. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni hiyo imeacha kutoa bure dawa za kawaida za Windows 10, isipokuwa kwa waliojiandikisha kuongezewa muda. Yafaa wakuu wa ofisi zetu waulize mashine zao ni za mwaka gani.

RADI NA MAWE

Sisi wa ziwani tuna adui wetu wa pekee. Maji ya ziwa hubaki na joto usiku, nchi kavu ikipoa; upepo hukutana juu ya maji, na mawingu ya radi hujengeka. Wavuvi wanaijua radi ya usiku kuliko mtu yeyote. Asubuhi ofisi hufunguliwa, na swichi imekufa, au, vibaya zaidi, haijafa kabisa: imejeruhiwa, inafanya kazi saa moja na kulala saa moja.

Waya wa ardhini ungesaidia, lakini Mwanza imejengwa juu ya mawe. Chuma cha kupeleka umeme ardhini kikigonga jabali kwa futi mbili, fundi mvivu hukikata hapohapo na kuficha kipande. Tena majengo mawili yakiunganishwa kwa waya wa shaba, radi iliyopiga hapa huingia kule. Mkongo, ule uzi wa kioo, hauna shida hiyo, kwa kuwa kioo hakipitishi umeme.

Je, hakuna siku ambayo kosa liko nje kweli? Ipo. Jumapili tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania yote ikaona taabu siku kadhaa. Mikongo hiyo yalala chini ya bahari kama ule waya wa simu za maandishi uliofika Unguja mwaka 1879. Mara nyingi hukatwa na nanga za meli na nyavu za wavuvi. Meli maalumu huenda, huvuta ncha mbili juu, na kuziunganisha. Siku kama hiyo karani akisema mtandao hakuna, asema kweli.

Lakini siku hizo ni chache. Basi msomaji, ukiambiwa neno lile, uliza kwa adabu: "Ni hapa ndani, au ni mji mzima?" Aliyejaribu atakujibu mara moja. Omba pia namba ya simu ya ofisi, upige kabla ya kupanda meli.

Yule bibi alipata karatasi zake juma lililofuata, saa 5 asubuhi, saa ambayo zamani ilikuwa ya ugonjwa. Alizikunja mara nne, akazitia katika mkoba wa kitenge, akamuuliza karani kama ataiwahi meli ya mchana. Ruta ndogo ilikwisha kurudi nyumbani kwa mwenyewe. Daftari bado liko msumarini, na nilipopita mara ya mwisho lilikuwa limeandikwa mstari mmoja tu kwa mwezi mzima: "Panya amekata waya, meza ya 2."