Asidi na Chujio: Maabara Inavyopima Sumu ya Muhogo



Hapa Kisangani nyumba isiyokula muhogo ni vigumu kuipata. Ikiwa si fufu ni kwanga, na ikiwa si kwanga ni pondu. Kila mama anajua kwamba muhogo mchungu una sumu. Lakini sumu hiyo hupimwaje? Tunaeleza leo kwa kuwa kazi hiyo hutumia asidi, na wengine wenu mnashika asidi kila siku.

Ndani ya muhogo sumu haikai wazi. Imefungwa pamoja na sukari katika kitu kinachoitwa linamarini. Muhogo ukilowekwa au majani yakitwangwa, dawa ya asili iliyo ndani ya mmea wenyewe hufungua kifungo hicho. Sianidi hutoka, ikaenda na maji na hewa. Ndiyo maana ya siku tatu au nne majini.

Mtu wa maabara hataki sumu imponyoke kabla ya kuipima. Kwa hiyo husaga kipande cha muhogo ndani ya asidi hafifu ya fosfori, ambayo huizuia ile dawa ya mmea. Kisha anachuja. Karatasi ya kuchujia isipite ukingo wa faneli, na maji yamiminwe polepole kwa kufuata kijiti cha kioo. Karatasi ikichanika, achuje upya. Asijidanganye kwamba machicha machache hayadhuru.

Maji yaliyochujwa hutiwa katika chupa nyembamba pamoja na asidi ya sulfuriki, hufunikwa, na kuwekwa katika maji yanayochemka kwa dakika 50. Hiyo ndiyo hidrolisisi: asidi na joto hufungua kile kifungo. Chupa ikishapoa hutiwa soda kali, sianidi hujitokeza, na dawa nyingine huipa rangi. Rangi ikikolea, sumu ni nyingi. Kipimo cha kimataifa ni kwamba kilo moja ya unga wa muhogo isizidi miligramu 10.

Sasa hatari zake. Asidi ndiyo inayotiwa katika maji, kidogo kidogo. Maji hayatiwi kamwe katika asidi kali, yataruka usoni. Chupa ya moto haifunguliwi. Soda nayo hutiwa taratibu, chini ya kabati la kuvuta hewa, miwani machoni. Na mabaki yenye sianidi yasikutane na asidi, maana hutoa hewa ya kuua. Ninyi wa viwanda vya dhahabu mnalijua jambo hili: chokaa hutiwa katika maji ya sianidi ili hewa hiyo isitoke.

Asidi ikikumwagikia, vua nguo iliyolowa na ujimwagie maji mengi yanayotiririka, dakika 20 zisipungue, hata kama maumivu yamepoa. Usipake mafuta ya mawese. Jicho lioshwe likiwa wazi, ndipo uje dispensere.

Mbona tunahangaika hivi kwa ajili ya muhogo? Kwa sababu ya konzo. Daktari Trolli aliandika habari zake mwaka 1938, kutoka Kwango. Mtoto au mama hulala mzima, akaamka miguu yote miwili imekakamaa, na haiponi tena. Huwapata wale wanaokula muhogo mchungu uliolowekwa siku moja tu kwa haraka ya soko, na ambao hawana samaki wala maharagwe ya kuongeza.

Unga ulionunuliwa, usiojua ulilowekwa siku ngapi, una njia yake, iliyotumiwa katika vijiji vya Popokabaka kuanzia mwaka 2010. Tia unga katika beseni, weka alama pale unapofika. Ongeza maji ukikoroga: unga utashuka, kisha utapanda. Ukifika tena kwenye alama, acha maji. Utandaze juu ya mkeka, unene usipite sentimita moja, saa mbili juani au saa tano kivulini, halafu pika fufu siku hiyohiyo.