Kuteleza si kuanguka: Marián Hossa na kazi isiyohesabiwa

(Sehemu ya pili)

Wiki iliyopita tulieleza jinsi hoki ya barafuni inavyochezwa: wachezaji watano na kipa kila upande, vipindi vitatu vya dakika 20, zamu fupi zisizofika dakika moja, na kisahani cheusi cha mpira mgumu kinachosukumwa kwa magongo. Tuliacha swali moja bila jibu: mshambuliaji apimwe kwa kipi? Wengi watajibu upesi kwamba apimwe kwa mabao na pasi za mabao, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyoandikwa. Leo nataka kuonyesha kwamba kipimo hicho ni pungufu, na shahidi wangu ni Marián Hossa, Mslovakia aliyecheza katika ligi ya NHL ya Marekani na Kanada kati ya 1997 na 2017. Aliwahi kuitwa mtu wa nuksi, akaitwa mkimbiza vikombe, na kwa miaka yote hiyo hakupewa hata tuzo moja kubwa ya mchezaji binafsi. Hata hivyo, mwaka wa kwanza alioruhusiwa kufikiriwa, yaani 2020, alichaguliwa papo hapo kuingia katika Ukumbi wa Mashujaa wa Hoki. Waliomchagua waliona nini ambacho orodha ya tuzo haikukiona?

Tuanze na yale yaliyoandikwa, ili isije ikadhaniwa kwamba namtetea mtu asiyejua kufunga. Hossa alizaliwa tarehe 12 Januari 1979 mjini Stará Ľubovňa, enzi za Czechoslovakia, akakulia Trenčín, mji uliowatoa pia Zdeno Chára na Marián Gáborík. Baba yake, František, alikuwa kocha aliyekuja kuifundisha timu ya taifa, na mdogo wake, Marcel, naye alifika NHL. Slovakia ilipojitenga mwaka 1993 ilikuwa nchi ya watu milioni tano na ushei, ikalazimika kuanzia daraja la tatu la mashindano ya dunia. Kufikia 2002 ilikuwa bingwa wa dunia. Katika kizazi hicho Hossa alitwaa ubingwa wa nchi na Dukla Trenčín mwaka 1997, na mwaka huohuo Ottawa ikamchagua akiwa wa 12 miongoni mwa chipukizi wote. Msimu wa 2002–03 aliifungia Ottawa mabao 45. Msimu wa 2006–07, akiwa Atlanta, alifikisha pointi 100, yaani mabao na pasi za mabao kwa jumla. Alipomaliza alikuwa na mabao 525 na pasi za mabao 609 katika mechi 1,309. Hizo ni takwimu za mfungaji hodari, lakini wapo waliozipita, na kama tungeishia hapo tungemweka katika safu ya pili.

Sasa tutazame yasiyoandikwa. Katika hoki, kisahani hupokonywa kila mara, na timu inayokipoteza ikiwa mbele hukuta washambuliaji wake watatu wamebaki nyuma ya mchezo. Wapinzani huondoka mbio, mara nyingi watatu dhidi ya mabeki wawili, na katika sekunde chache kipa anabaki peke yake na balaa. Winga mmoja akigeuka na kurudi kwa kasi ileile aliyoshambulia nayo, akamfikia mwenye kisahani kwa nyuma, akamwinulia gongo na kumpokonya, hesabu inakuwa imebadilika na hatari imekwisha. Bao lililozuiwa lina uzito sawa na bao lililofungwa, lakini ubaoni hupanda moja tu kati ya hayo mawili. Kazi hii Hossa aliifanya kwa ustadi uliowashinda wengi wa rika lake, maana alikuwa na mwili mkubwa, miguu ya kasi na mikono myepesi. Kipo kipimo kinachoikaribia: mchezaji huongezewa moja kila timu yake inapofunga akiwa uwanjani huku pande zote zikiwa na idadi sawa ya watu, na hupunguziwa moja inapofungwa. Hossa alimaliza akiwa na ziada ya zaidi ya 200. Ni kweli kwamba kipimo hicho huwabeba wanaocheza na wenzao wazuri, kwa hiyo sitakitegemea peke yake.

Pingamizi la kwanza ni lile la nuksi. Februari 2008 Hossa alihamia Pittsburgh, akapata pointi 26 katika mechi 20 za mtoano, lakini timu ikafungwa na Detroit katika fainali. Majira yale ya joto aliacha mikataba mirefu, akaenda Detroit kwa mwaka mmoja tu na dola milioni 7.4, akisema wazi kwamba anataka Kombe la Stanley, yaani kombe la ubingwa wa NHL. Mwaka 2009 fainali ikawa ileile, na mara hii Pittsburgh ikashinda mechi ya saba 2–1. Dunia ilicheka. Mchagua jembe si mkulima, angesema Mswahili. Nami nakiri kwamba katika mechi saba za fainali hiyo Hossa hakufunga hata bao moja, na hilo halifichiki. Lakini mwaka 2010 alifika fainali tena, akiwa Chicago, na kabla yake hakuna mchezaji aliyewahi kucheza fainali tatu mfululizo na timu tatu tofauti. Nuksi gani hiyo inayomfikisha mtu fainali kila mwaka? Tena tukumbuke bei: Pittsburgh ilitoa wachezaji wawili, kinda mmoja na haki yake ya kuchagua chipukizi katika raundi ya kwanza, ikijua kwamba huenda akaondoka baada ya miezi michache. Timu zenye nguvu ndizo zilizomtafuta, na timu za namna hiyo hazimnunui mtu kwa kumwonea huruma.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: kwamba Chicago ilikuwa na Jonathan Toews, Patrick Kane na Duncan Keith, hivyo Hossa alipanda basi lililokwisha kuwashwa. Ushahidi wa kulijibu uko wazi. Vijana hao walifika nusu fainali mwaka 2009 bila Hossa, wakatolewa katika mechi tano, na waliowatoa ni Detroit, timu aliyokuwamo Hossa. Mwaka uliofuata, naye akiwa upande wao, walitwaa kombe ambalo Chicago haikuwa imeligusa tangu 1961. Sidai kwamba yeye peke yake ndiye aliyeleta tofauti, maana vijana nao walikuwa wamekomaa. Lakini tazama mechi ya tano dhidi ya Nashville, Aprili 2010. Hossa alicheza rafu mwishoni mwa mechi akapewa adhabu ya dakika tano, huku Chicago ikiwa nyuma kwa bao moja. Lilikuwa kosa lake. Kane akasawazisha zikiwa zimebaki sekunde 13, timu ikaimalizia adhabu katika muda wa nyongeza, na Hossa alipotoka tu kwenye kibanda cha adhabu akafunga bao la ushindi. Kuteleza si kuanguka. Miezi miwili baadaye, nahodha Toews alipopokea kombe, mtu wa kwanza aliyemkabidhi alikuwa Hossa. Wenzake walijua anachowadai. Mengine mawili yakafuata mwaka 2013 na 2015.

Watakaobaki watauliza: kama alikuwa bora hivyo katika kukaba, mbona hakupata tuzo ya Selke, ambayo hutolewa kwa mshambuliaji hodari wa ulinzi? Jibu, kwa maoni yangu, linaithibitisha hoja yangu. Tangu Jere Lehtinen wa Finland aichukue mwaka 2003 hadi Hossa anatundika viatu, hakuna winga mwingine aliyeipata. Zote zilikwenda kwa washambuliaji wa kati. Hao ndio wanaogombea kisahani mwamuzi anapokidondosha, na kila ugombeaji huandikwa nani kashinda. Hivyo hata tuzo iliyoanzishwa kuienzi kazi isiyoonekana imeishia kuwafuata wale ambao sehemu ya kazi yao inahesabika. Winga anayerudi nyuma hana safu yake katika jedwali.

Msimu wake wa mwisho, 2016–17, Hossa alifunga mabao 26 akiwa na umri wa miaka 38. Hakuondolewa na uzee bali na ugonjwa wa ngozi uliochochewa na vifaa vya mchezo, pamoja na madhara ya dawa za kuutibu. Novemba 2022 Chicago iliistaafisha jezi yake namba 81. Hukumu yangu ni kwamba alistahili heshima zote hizo kwa ile nusu ya kazi yake ambayo haikuandikwa, kuliko kwa mabao 525. Msomaji akipata nafasi ya kutazama hoki, asigande na kisahani tu. Kinapopokonywa, amtazame winga wa timu iliyokipoteza, aone kama anageuka au amesimama.